Hapa, huku na humu: Kompyuta inavyosoma muktadha mpakani Busia na Malaba

NENO ‘ng’ambo’ halina makao. Anayelitamka akiwa Busia ya Kenya anamaanisha Uganda. Akivuka lango na kulitamka tena dakika kumi baadaye, anamaanisha Kenya. Neno ni lile lile, ila nchi imebadilika. Kule Unguja neno hili lilichoka kuzunguka likatulia: sehemu ya mji iliyokuwa ng’ambo ya hori, kwa mtu anayetazama kutoka Mji Mkongwe, ilipewa jina la Ng’ambo. Hadi leo mtu aliyeketi barazani kwake huko husema anakaa Ng’ambo, ingawa kwake yeye ng’ambo ingepaswa kuwa upande wa pili.

Wanaisimu huyaita maneno ya aina hii maneno elekezi: ‘mimi’, ‘hapa’, ‘sasa’, ‘jana’, ‘kule’. Kamusi haiwezi kukupa maana yake kamili, kwa sababu nusu ya maana iko nje ya neno: kwa msemaji, mahali aliposimama na wakati anaponena. Nusu hiyo ndiyo tunayoiita muktadha. Shida hii kongwe ya wanaisimu sasa imewaangukia wahandisi wa kompyuta, na sijui mahali pafaapo kuitazama kuliko miji miwili ya Kaunti ya Busia: Busia yenyewe na Malaba.

Mwaka 1994 Bill Schilit na Marvin Theimer waliandika kuhusu kompyuta ‘zinazotambua muktadha’, na istilahi hiyo ikashika. Walikuwa na maana ya mashine isiyongoja kuambiwa kila kitu, bali inayojua iko wapi, iko na nani, ni saa ngapi, kisha inabadili mwenendo wake kulingana na hayo. Leo kila mtu anayo mfukoni. Ndiyo simu inayopunguza mwangaza wa kioo gizani, na ndiyo ramani inayokuambia upinde kushoto. Aidha ndiyo ile ambayo, ukiwa umekaa zako upande wa Kenya unakunywa chai, hujavuka hata mtaro, inakuletea ujumbe wa kukukaribisha Uganda. Simu imeushika mnara wa ng’ambo na kuamua kwamba nawe uko ng’ambo.

Ujumbe huo ni wa kuchekesha tu. Hebu sasa tuingie kwenye jambo lisilochekesha.

Kontena likishushwa Mombasa kuelekea Kampala, Kigali, Juba au mashariki mwa Kongo, halilipiwi ushuru wa Kenya, maana si mali ya kubaki Kenya. Hapo ndipo kishawishi kilipo. Mzigo ukimwagwa njiani na kuuzwa sokoni kimyakimya, mwenye mali amekwepa ushuru, na mfanyabiashara mwaminifu wa hapa nchini amekatwa miguu. Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kielektroniki, maarufu kwa kifupi chake cha Kiingereza, RECTS. Lakiri (madereva wengi husema ‘sili’) hufungwa kwenye mlango wa kontena. Husoma mawimbi ya setilaiti ili kujua iko wapi, kisha hutuma taarifa kupitia mtandao wa simu. Kwenye vituo vya uangalizi kompyuta imechorewa njia ambayo lori linaruhusiwa kupita. Lori likitoka nje ya mchoro huo au lakiri ikichezewa, tahadhari hutolewa na kikosi kilicho karibu huweza kutumwa.

Mfumo huo ni kompyuta inayotambua muktadha, na ukikosea kuusoma, anayesimamishwa kando ya barabara usiku na kuhojiwa kama mwizi ni dereva. Swali langu basi ni hili: tutajuaje, kabla ya lori kuondoka Mombasa, kwamba mashine itausoma muktadha sawasawa?

Jibu la wanasayansi wa kompyuta ni kuunda modeli rasmi. Neno ‘rasmi’ hapa lisikutishe. Halina uhusiano na suti, tai wala mhuri wa serikali. Maana yake ni kwamba kila kitu kimeandikwa kwa alama na kanuni zisizoruhusu tafsiri mbili, kama hesabu, hivi kwamba mtu au mashine inaweza kufuata kanuni hizo na kuthibitisha kitakachotokea na kisichoweza kutokea.

Kigingi cha kwanza ni kueleza muktadha wenyewe ni nini. Fasili inayonukuliwa sana ni ya Anind Dey na Gregory Abowd, ambao walisema, kwa ufupi, kuwa muktadha ni taarifa yoyote inayoweza kutumika kueleza hali ya mtu, mahali au kitu kinachohusika katika mawasiliano ya mtumiaji na programu. Yoyote! Kwa maoni yangu fasili hiyo ni pana kama Ziwa Victoria, na huwezi kuvua samaki kwa kuonyeshwa ziwa zima. Chukua soko la Busia. Mama anayeuza nguo anakutajia ‘elfu tano’. Elfu tano gani? Kenya wana shilingi, Uganda wana shilingi, na moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda. Mahali mliposimama hapatoshi kuamua, kwa sababu fedha zote mbili zinazunguka pande zote mbili. Wazoefu wa soko husikiliza lugha inayotumika, hutazama mteja ametokea upande gani, na wakiona utata wanauliza tu: “Za Kenya ama za Uganda?” Swali hilo fupi lina busara ambayo mashine nyingi hazina, nami nitalirudia.

(Kwa kuwa tuko Busia, niongeze hili kando: neno ‘bodaboda’ huaminika kuzaliwa mpaka huu huu, wakati wenye baiskeli walipowapakia abiria kutoka boda hadi boda. Leo linatumika hata katika miji isiyo na mpaka wowote. Neno limevuka, likaacha muktadha wake nyuma.)

Tukitafuta ukali zaidi inatubidi twende kwa mwanafalsafa David Kaplan, ambaye kazi yake kuhusu maneno elekezi ilisambazwa mwaka 1977 na kuchapishwa 1989. Kaplan alitenganisha mambo mawili ndani ya neno kama ‘hapa’. La kwanza ni kanuni isiyobadilika: ‘hapa’ ni mahali alipo msemaji. La pili ni matokeo ya kanuni hiyo katika muktadha fulani, labda Malaba, labda Funyula. Kanuni ni kama mashine ya kusaga: unaitia muktadha, inakutolea mahali. Mfano wake maarufu ni sentensi ‘Mimi niko hapa sasa’. Ni ya ajabu, kwani kila anayeitamka anasema kweli, ingawa si lazima mtu yeyote awe alipo. (Kenya hii tunao wanaojaribu kumshinda Kaplan: anakuambia kwenye simu “niko hapa tu, nafika”, kumbe hata hajaoga.)

Sasa itazame lakiri ya kielektroniki. Siku nzima haina wimbo mwingine ila huo: mimi niko hapa sasa, mimi niko hapa sasa. Tofauti ni kwamba ‘mimi’ ni namba ya lakiri, ‘hapa’ ni latitudo na longitudo, ‘sasa’ ni saa ya setilaiti. Akisimamishwa kwenye bonde lisilo na mtandao, msemaji huyu hanyamazi. Huweka kumbukumbu, na mtandao ukirudi anatuma yote kwa mkupuo. Anayepokea Nairobi anasoma ‘sasa’ ambayo imekwisha kuwa ‘dakika arubaini zilizopita’. Ni sawa na barua za zamani zilizoandikwa “ninapoandika barua hii mvua inanyesha”, wewe ukaisoma wiki mbili baadaye jua likiwaka. Msomaji wa barua alijua la kufanya. Kompyuta hujua ikiwa tu mtu ameiandikia kwamba kuna ‘sasa’ mbili, ya kunena na ya kupokea, na kwamba zisichanganywe.

Kuhusu ‘hapa’, Kiswahili kimetutangulia. Kiingereza kina neno moja kuu la mahali palipo karibu. Sisi tunayo matatu, na kila mwanafunzi wa ngeli za mahali anayafahamu. ‘Hapa’ ni mahali mahususi, unaweza kupaonyesha kwa kidole. ‘Huku’ ni eneo, upande, mahali pasipo na mipaka dhahiri. ‘Humu’ ni ndani ya kitu. Tumezoea kuyafundisha kama suala la upatanisho wa kisarufi tu, lakini ukiyapeleka Malaba yanageuka kuwa uhandisi. Setilaiti inasema ‘hapa’: nukta kwenye ramani, yenye kosa la mita chache au zaidi. Mnara wa simu unasema ‘huku’: uko mahali fulani kwenye duara langu, duara ambalo linaweza kuwa na upana wa kilomita kadhaa na halitambui mpaka wa nchi. Lakiri kwenye mlango inasema ‘humu’: mzigo umo ndani ya kontena hili na haujatoka. Ujumbe ule wa kukaribishwa Uganda ukinywa chai Kenya ulitokana na mashine kuisikia ‘huku’ ikaidhania ni ‘hapa’.

Aliyeishughulikia ‘humu’ kwa undani ni Mwingereza Robin Milner, aliyefariki mwaka 2010. Katika kitabu chake cha 2009 alieleza modeli aliyokuwa ameikuza kwa miaka kadhaa, ambayo inauchora ulimwengu kwa grafu mbili zilizopandanishwa. Ya kwanza ni ya mahali, nayo huonyesha nini kimo ndani ya nini: mzigo umo kontenani, kontena limo juu ya trela, trela limo katika foleni, foleni imo Malaba. Ya pili ni ya miunganisho, nayo huonyesha nani ameshikana na nani bila kujali yuko wapi: lakiri iliyo Malaba imeunganishwa na kioo cha kompyuta Nairobi, na nyaraka za mzigo zimeunganishwa na wakala wa forodha aliyeketi ofisini Mombasa. Kisha zinakuja kanuni za mabadiliko, mathani ‘trela lililo kandokando ya eneo linaweza kuingia ndani’. Trela likiingia, vyote vilivyomo vinaingia nalo, lakini nyuzi za miunganisho hazikatiki. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka mpaka huku mkewe akimpigia simu ameuishi mchoro huo.

Hata hivyo, mchoro wa Milner una pengo, na waliolifichua ni Lars Birkedal na wenzake walipokuwa Copenhagen. Mwaka 2006 walijaribu kuutumia kueleza mifumo inayotambua muktadha, wakaona kwamba kuandika moja kwa moja hata swali jepesi kama “nani yumo humu?” ni taabu. Wakapendekeza mfumo ugawanywe mara tatu, na kwa kumkumbuka Plato wakaipa modeli yao jina lenye mwangwi wa jina lake. Nitaziita sehemu hizo ulimwengu, picha na mwamuzi. Ulimwengu ni lori lenyewe, barabara yenyewe, matope yenyewe. Picha ni kile ambacho vitambuzi vimekusanya kuhusu ulimwengu. Mwamuzi ni programu inayotoa tahadhari. Kanuni kuu ni kwamba mwamuzi haoni ulimwengu hata siku moja. Anaona picha.

Utaniambia hilo liko wazi. Basi tazama jinsi linavyosahaulika. Kanuni ya kawaida ya mfumo wa kufuatilia mizigo huandikwa hivi: ‘Ikiwa lori liko nje ya njia, toa tahadhari.’ Sentensi nzuri, fupi, ya uongo. Mashine haijui kama lori liko nje ya njia. Inajua kwamba picha inasema hivyo. Tumchukue dereva wa kubuni ambaye amepita Bungoma anaelekea Malaba. Foleni imesimama, naye anaegesha kwenye uwanja uliofunguliwa juzi, mita mia mbili kutoka barabarani. Mchoro wa njia ulitiwa kwenye kompyuta kabla ya uwanja huo kuwapo. Lakiri haijadanganya, setilaiti haijakosea, dereva hajaiba, na bado tahadhari inalia. Kosa liko kwenye picha, ile sehemu yake inayoitwa ramani. Siku nyingine kosa litakuwa kwenye ‘sasa’ iliyochelewa, au kwenye kanuni yenyewe. Na siku nyingine, tuseme kweli, dereva atakuwa anamwaga mzigo. Bila kuzitenga zile sehemu tatu, matukio haya yote yanafanana, na mzigo wa kujieleza unamwangukia mtu mmoja aliyeshika usukani.

Kanuni iliyoandikwa kwa uangalifu ingesomeka tofauti: ikiwa picha ya dakika kumi zilizopita au chini ya hapo inasema lori liko nje ya njia, na umbali wake kutoka njiani ni mkubwa kuliko kosa linalowezekana la kipimo, na mahali lilipo si uwanja unaotambuliwa wa kuegesha, toa tahadhari; vinginevyo, uliza tena. Hilo ‘uliza tena’ ndilo “za Kenya ama za Uganda?” la yule mama wa sokoni.

Sasa faida ya urasmi inaonekana. Kanuni zikishaandikwa hivyo, kuna programu zinazoweza kupitia kila hali inayowezekana na kutafuta ile ambamo dereva asiye na hatia anapigiwa king’ora, au mwizi anapita salama. Mbinu hiyo ya ukaguzi wa modeli ndiyo iliyowapa Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis Tuzo ya Turing ya mwaka 2007. Lakini si mteremko. Piga hesabu nami: lakiri imefungwa au imefunguliwa, hali mbili, mtandao upo au haupo, mbili, lori liko njiani, nje ya njia, au ndani ya eneo la forodha, tatu, picha ni mpya au imechakaa, mbili. Lori moja lina hali 24. Malori mawili yana 576. Malori kumi tu yana zaidi ya trilioni 63, na foleni ya Malaba haijawahi kuridhika na malori kumi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni ustadi wa kujua nini cha kuacha nje ya modeli, na hapo ndipo ugomvi ulipo, kwa sababu kilichoachwa nje hakitajitetea.

Mwaka 2020 ulilionyesha hilo bila huruma. Corona ilipoingia na madereva wakaanza kupimwa mpakani, foleni za Busia na Malaba zilirefuka kwa makumi ya kilomita, watu wakilala chini ya matrela yao wakingoja majibu. Mifumo ilijua vyema lori liko wapi. Haikujua dereva amepimwa lini wala majibu yake ni yapi, kwa sababu katika modeli ya mwanzo dereva hakuwa muktadha, mzigo ndio uliokuwa muktadha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta mfumo uliomwongeza dereva na cheti chake cha afya. Tazama herufi moja ilivyoingia kwenye kifupi: RECTS ikapata ndugu, RECDTS, na hiyo D ni ya dereva. Pamoja naye ikaja ‘sasa’ nyingine ya kushughulikia, kwa kuwa cheti kina muda wake. Kauli ‘huyu hana virusi’ ni kweli katika muktadha wa siku aliyopimwa, na hudhoofika kila jua linapozama.

Kuna tabaka moja ambalo hata setilaiti sahihi kabisa haiwezi kulisoma, nalo ni sheria. Busia na Malaba huendeshwa kama vituo vya pamoja vya huduma mpakani. Kile cha Busia kilizinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018. Msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Lori linalokwenda Uganda hupita lango la Kenya bila kusimama, likasimame upande wa Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili wameketi. Ndani ya eneo hilo afisa wa Kenya hutumia sheria za mpakani za Kenya akiwa amekanyaga udongo wa Uganda, na ukaguzi wa kutoka lazima ukamilike kabla ule wa kuingia haujaanza.

Liko wapi basi lori hilo wakati afisa wa Kenya bado anapitia karatasi zake? Katika grafu ya mahali limo Uganda, hakuna ubishi, setilaiti itaapa. Katika grafu ya miunganisho bado limefungwa kwa uzi kwenye sheria za kutoka Kenya, na uzi huo haukatwi na gurudumu kuvuka mstari bali na afisa kumaliza kazi yake. Ndipo uzi wa pili, wa Uganda, unapofungwa. Mwandishi wa modeli akisahau nyuzi hizo mbili na mpangilio wake, kompyuta yake itaona kontena lililotoka Kenya kabla ya Kenya kuliruhusu litoke, nayo itapiga king’ora kwa jambo ambalo sheria yenyewe imemwamuru dereva alifanye.